Vidole Juu ya Magoti

Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi pale sokoni. Akaifungua mgongo, akapuliza, akawasha kichomea chake, na ile harufu ikanipiga: vumbi linaloungua juu ya plastiki, na ndani yake kitu kama chuma kilichotiwa sukari. Nilishika ukingo wa meza yake.

"Mama, kichwa inazunguka?" akauliza fundi.

"Hapana," nikamwambia. "Ni hasira."

Na ilikuwa kweli. Asubuhi ile ile, kwa simu hiyo hiyo, mchungaji wetu alikuwa amenipigia kuniambia, kwa sauti yake ya asali, kwamba vidole vya binti yangu vinacheza vyenyewe wakati wa maombi. Akaniomba nimpeleke kwao wamwangalie. "Siku kidogo tu, mama."

Siku kidogo tu. Maneno hayo nayajua. Ninyi mliokulia Likasi wakati kampuni ya migodi ilipokuwa inakufa mnayajua pia, hata kama leo mnavaa tai na kujifanya mmesahau.

Miaka ile hakuna kilichotokea bure. King'ora cha kampuni kiliponyamaza, watu walianza kusikiliza mambo mengine. Aliyenenepa alishukiwa, aliyekonda alishukiwa pia. Jirani zetu wa upande wa kushoto walikuwa wameshapanda treni na magodoro yao kwa sababu ya jina lao na asili ya kwao, na sisi tuliobaki tulipita mbele ya nyumba ile tupu bila kuitazama, kwa kuwa tulijifunza kwamba mtu anaweza kuamka siku moja akaambiwa yeye si wa hapa. Baba alikuwa ameenda Kapolowe kulima mahindi. Kaka yangu Ilunga aliacha shule akaingia kwenye mashimo kuchimba. Hospitali ilikuwa na vitanda lakini haikuwa na dawa. Na kwenye chumba chetu cha maombi kifo hakikuwa tena na ugonjwa, kilikuwa na mwenyewe. Mtu akifa, walitafuta nani amemla kwa ulozi.

Mama yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Ilunga, alishuku kuliko wote. Alinusa unga kabla ya kufungua mkono kulipa. Alishuku mizani ya muuza samaki, alishuku kicheko cha jirani, na mtu akimletea zawadi, huyo ndiye aliyemshuku zaidi. Nilidhani mama wote duniani wako vile.

Maji tulichota kwa Mama Odile, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa sababu bomba lake bado lilikuwa linatoa. Mume wake alikuwa karani wa kampuni, na ofisi yake ilipofungwa alirudi nyumbani na kompyuta mbili juu ya mkokoteni, zimefunikwa blanketi. Yeye alisema amepewa badala ya mshahara. Mtaa ulisema ameiba. Labda vyote viwili vilikuwa kweli. Kijana wao, Ya Trésor, yaani kaka Trésor, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi, lakini chuo kilikuwa kimefungwa na yeye alishinda ndani akiziunganisha zile mashine mbili kwa waya.

Nilikuwa nasubiri ndoo yangu ijae, nikachungulia dirishani. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na korido ya mawe, na mbele yake mkono umeshika bunduki nene. Mkono tu. Mtu hakuwepo. Korido ikaanza kukimbia, ikapinda, ikafika juu ya ziwa la moto, ikaruka. Nilisahau ndoo. Maji yakamwagika mpaka miguuni mwa Mama Odile, akapiga kelele.

"Weye, mutoto ya mayi," Ya Trésor akaniita bila kugeuka. "Unaogopa kufa?"

"Hapana."

"Basi kuya, ukae hapa."

Nilikaa, nikafa. Nilikufa mara nyingi mchana ule kuliko ninavyoweza kusema, na kila mara nilizaliwa tena kwenye kona nyingine ya uwanja, bunduki mkononi, mzima. Kwa mtoto aliyezoea kwamba anayekufa harudi, hilo peke yake lilikuwa tamu kuliko maandazi.

Nilipomweleza Mama, aliacha alichokuwa anafanya, akaenda moja kwa moja. Mimi nyuma yake.

"Trésor, mwanaume mukubwa kama weye, unatafuta nini kwa mutoto mudogo?"

"Mama Ilunga, minye natafuta adui tu. Benzangu bote banaenda Zambia, bengine bako mu mashimo. Kucheza peke yangu inanichosha."

"Adui? Hapa Likasi ulikosa adui?"

Mama Odile alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Mama hakucheka. Aliingia, akalishika pazia la mlango wa chumba kile, akalifunga fundo juu, akasema fundo lile lisifunguliwe nikiwa ndani, na Mama Odile apikie pale pale mlangoni. Ikawa hivyo. Nilijifunza kuruka huku moshi wa jiko la makala ukiniingia machoni na Mama Odile akikoroga bukari, ugali wetu, nyuma yangu.

Ya Trésor hakuwa mwalimu mpole. Alisema mwenye kulenga vizuri akikutana na mwenye kuruka vizuri, mwenye kulenga anakufa. Siri ilikuwa hii: kukimbia kuna mwisho wake. Ukibonyeza kwenda mbele, mwendo unafika mahali unagoma. Lakini ukiwa hewani mashine haikubani sawasawa. Unaruka, na kabla hujatua unabonyeza upande, tuseme kushoto, na kipanya unakipeleka kushoto pia, pole, kama unamimina mafuta yasimwagike. Mwili unakwenda mshazari na mwendo unaongezeka kidogo. Ukigusa ardhi usisubiri, ruka tena, sasa kulia. Ukichelewa kidogo tu baada ya kutua, yote uliyokusanya yanapotea. Ukiharakisha mkono, vilevile.

"Usikimbie sawa mwizi," alikuwa akisema. "Kimbia sawa muntu iko anajua kwenye anaenda."

Wavulana wa mtaa waliokuja kujaribu walishindwa, walibonyeza kama wanaua mende. Mimi nilishika haraka, na nitawaambia kwa nini, maana swali hilo baadaye lilikuwa la kunimaliza. Nilikuwa mchezaji wa nzango. Wasichana mnaijua: tunasimama mistari miwili, tunaimba, tunapiga makofi, wawili wanaingia katikati, wanaruka, na wakati wa kutua kila mmoja anatupa mguu mbele. Ushindi wote uko kwenye kutua. Mguu wangu ulikuwa unajua tangu zamani kwamba kutua ndio mwanzo wa kuruka kunakofuata. Nilichofanya ni kuipeleka habari hiyo kwenye vidole.

Kulikuwa na daraja juu ya ziwa la moto, la kuzunguka, refu. Nikaacha kulipita. Nilikuja kwa korido, kushoto, kulia, kushoto, korido ikawa inapiga filimbi masikioni mwangu ingawa mashine haikuwa na sauti, nikavuka ziwa kwa mruko mmoja na kumkuta Ya Trésor bado yuko darajani. Nilimpiga mgongoni. Alisimama, akatembea chumba kizima mikono kichwani.

"Mama! Huyu mutoto ananiua!"

"Muzuri," akasema Mama Odile. "Kuya ukule."

Siku hiyo akaniambia kwamba Lubumbashi kuna nyumba moja ambapo watoto wa mainjinia wanacheza kila Jumapili, mmoja dhidi ya mwingine, na watu wanasimama nyuma ya viti kuangalia. Atanipeleka. Watacheka wakiona mtoto wa kike, na wacha wacheke. Lakini kwanza nijue mruko wa mwisho, ule wa mzinga. Pale uwanjani kulikuwa na kibaraza cha juu kabisa kisicho na ngazi. Unatazama chini, unaruka, na papo hapo unajipiga mzinga miguuni. Mlipuko unakutupa juu. Unapoteza damu, namba za damu pale chini ya kioo zinashuka, na uso mdogo uliochorwa kando yake unavimba. Ukikosea unakufa kwa mkono wako mwenyewe. Nilikosea kila mara.

Na umeme ulikuwa wa kubahatisha. Watu walisema mitambo ya bwawa la Mwadingusha imechoka, kama watu. Umeme ukikatika Ya Trésor alinifukuza: "Nenda, fundisha vidole. Weka ku magoti, funga macho, ona korido." Nikatii. Nilifanya hivyo nikisubiri bukari, nikichunga foleni ya unga, shuleni, na Jumapili kanisani wakati wote wamefunga macho. Mkono wa kushoto vidole vitatu vinabonyeza, wa kulia unateleza juu ya goti, na mabega yanashtuka kidogo kila ninapotua. Nikirudi nyumbani nilitembea mshazari, hatua na mruko, hatua na mruko, upande huu na huu wa njia.

Mama Philo alikuwa hafungi macho. Alikuwa mwombezi mkuu wetu, mama mkubwa wa kitambaa cheupe, aliyesema Mungu amempa macho ya rohoni, na majira yale ya mvua alizika mjukuu wake. Surua. Mtoto alikufa kwenye kitanda kizuri cha hospitali isiyo na dawa. Sasa nikiwa mama namwonea huruma, na bado namchukia. Vyote viwili vinakaa ndani yangu bila kugombana.

Jumapili iliyofuata mchungaji wa wakati ule alishuka kutoka mbele, akaja mpaka kwenye benchi letu, akainua mikono yangu juu kila mtu aione. "Hii mikono," akasema, "iko na kazi yake. Sisi hatujue ni kazi gani. Lakini Mungu anajua."

Nilifurahi, jamani. Nilidhani nasifiwa. Nilifikiri habari za kuvuka ziwa zimemfikia, au Mungu mwenyewe amemwambia. Nikatabasamu na meno yote. Mama alinishika mkono, akanitoa nje kabla ya sadaka, na njia nzima alinibana kidole gumba mpaka kikawa cheupe. "Juu ya nini ulicheka?" aliniuliza. "Juu ya nini ulicheka, weye?"

Kuanzia pale, wasichana wa nzango hawakuniingiza katikati. Nikakumbuka Mado, aliyekuwa anakaa dawati moja nami. Walimpeleka chumba cha nyuma ya kanisa kwa siku kidogo tu, bila chakula, bila maji, mpaka aseme amekula nani. Akasema. Mtoto mwenye kiu anasema chochote. Baada ya kusema, kwao hawakumtaka tena, na sasa alikuwa analala sokoni chini ya meza za wauza nguo. Nilikuwa nampita nikitumwa chumvi. Aliacha kuniita jina.

Walikuja Jumamosi, Mama Philo na wamama wawili wa vitambaa vyeupe. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani.

"Mama Ilunga, tunakuya kuchukua mutoto. Pasta anasema ni siku kidogo tu."

Mama hakuacha kutwanga. "Kuchukua? Mutoto wangu ni ndoo, mukuje kuazima?"

"Usitukane kazi ya Mungu. Mikono yake inacheza. Anatembea kama muntu hana mifupa. Na ku kanisa alicheka, mbele ya kilio yangu."

Mchi ukasimama. "Philo, pole ya mujukuu. Nilikuja ku matanga, nililia na weye. Lakini minye siazimishe kintu sijaona kama kimearibika. Wanasema ni ile mashine ya kwa Odile. Twende tuone. Nikiona bulozi na macho yangu, nitamuleta minye mwenyewe."

Nilisikia sentensi hiyo ya mwisho vizuri. Nitamleta mimi mwenyewe. Na Mama hakuwa mtu wa kusema kitu kwa kupamba.

Kwa Mama Odile umeme ulikuwa umekatika. Tukakaa. Wamama watatu juu ya mkeka, Mama mlangoni chini ya lile fundo la pazia, mikono yake kijani ya sombe, Ya Trésor ukutani akitokwa jasho. Mimi mbele ya kioo cheusi nikijiona. Nilikuwa nimeamua jambo: nitawaonyesha mruko wa mzinga. Nilidhani wakiona jinsi ninavyojua, wataona kwamba nilisoma, kama mtu anavyosoma hesabu. Mtoto anaamini kwamba kufanya vizuri kunamtetea.

Friji ya Mama Odile ikakohoa. Taa ikawaka. Ya Trésor akawasha mashine, na ile harufu ikatoka, vumbi linaloungua. Mama mmoja akafunika pua.

Nilicheza. Sijawahi kucheza vile, wala kabla wala baadaye. Kushoto, kulia, sikugusa ukuta wowote, nikavuka ziwa, nikafika chini ya kibaraza. Nikatazama chini. Nikaruka, nikajipiga miguuni. Namba za damu zikashuka, ule uso ukavimba, na mimi nikapanda, nikapanda, nikatua juu kabisa pale nilipokuwa sijafika hata siku moja. Nikageuka kuwatazama nikitabasamu.

"Damu ya Yesu!" Mama Philo alikuwa amesimama. "Munaona? Mumeona? Hana mwili! Mikono tu! Anajipiga, anatoa damu, anapanda! Na njo anacheka tena!"

Nilimtazama Mama. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya ghasia. Alinitazama mimi, akatazama kioo, akatazama vidole vyangu, muda mrefu. Sikujua anahesabu upande gani. Hata leo sijui.

"Toka pale," akaniambia.

Nilitoka. Alikaa yeye. Akajipangusa mikono kwa kikwembe alichojifunga kiunoni, akaiweka juu ya klavye, sombe ikabaki kwenye vitufe.

"Nifundishe."

"Mama Ilunga, hapana, acha kintu hiki!" akalia mama mmoja.

"Nimesema, nifundishe. Hii ya kwenda mbele ni gani?"

Nilimwonyesha. Akabonyeza, akagonga ukuta. Akabaki anaukimbilia ukuta ule uso kwa uso, bila kurudi nyuma. Nikamwambia ageuze kipanya, akakiinua hewani. Aliangalia dari, aliangalia sakafu, alizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Alipofika ukingo wa ziwa nikamwambia aruke, akaruka pale pale, wima, akatua pale pale, kisha akatembea taratibu ndani ya moto kama mtu anayeingia kuoga.

"Nakufa?"

"Umekufa, Mama."

"Na sasa?"

"Umezaliwa tena."

"Muzuri. Tunaanza tena."

Akafa tena. Akajipiga mzinga usoni. Mama Odile ndiye aliyeanza, alijiziba mdomo na mwiko, na kicheko kikatoka puani. Kisha mmoja wa wale wa vitambaa vyeupe, yule mwembamba, akasema, "Kwenda kushoto, mama, kushoto! Aa, anaingia tena mu moto!" na akajikuta anacheka, akajishika. Mama Philo peke yake hakucheka.

Mama alisimama. Akakaa kwenye mkeka mbele ya Mama Philo, magoti kwa magoti. Akaweka vidole vyake vya kijani juu ya magoti yake, akavichezesha kama vyangu, kushoto vitatu, kulia unateleza.

"Unaona mikono yangu, Philo? Inacheza. Mutoto alinifundisha, mbele yenu. Kama ni bulozi, minye pia nimeisha kuukula. Kwa hiyo mutuchukue wawili. Muanze na minye. Minye iko na kaka wanne, na bwana, na mutoto mwanaume mu mashimo na wenzake bote ya koleo. Muende mubaambie kwenye munanipeleka. Siku kidogo tu."

Hakuna aliyemshika. Yule mwembamba alikuwa ameanza kukunja kitambaa chake. Mama Philo alisimama pole pole, akasema tutaendelea kuomba, na Mama akamjibu aombe sana, akamtolea kiatu chake kilichokuwa chini ya mkeka.

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Njiani Mama aliniambia sitaingia tena kwa Odile, maji tutachota mtoni. Lubumbashi sikwenda. Ya Trésor alivuka kwenda Zambia na mashine zake. Na jioni ile, mezani, kabla ya kunikatia bukari, Mama alishusha sauti ili Ilunga asisikie, akaniuliza: "Niambie minye peke yangu. Mujukuu wa Philo, ni weye ulimukula?"

Nilisema hapana. Akanitazama. Akasema, "Basi kula," akanipa kipande kikubwa cha samaki. Nilikila, na sijakimeza hadi leo. Alikuwa tayari kufa pamoja nami mbele ya watu, na hakuwa na uhakika. Kwa miaka mingi nilimkasirikia kwa swali lile. Sasa nawakasirikia waliolitia kinywani mwake, mama aliyeshuku hata unga, wakamfundisha kushuku mwanawe.

Kwa hiyo mchungaji huyu wa asali sikumjibu simuni. Jumapili nitakaa benchi la mbele, binti yangu kando yangu, na wakati wa maombi nitafumbua macho, niweke vidole juu ya magoti, nivichezeshe. Aje anyanyue mikono yangu.

Jana binti alikuwa kwenye kochi na simu iliyotoka kwa fundi, anacheza kamchezo kake ka kuruka paa kwa paa, mabega yanashtuka. Nikajikuta nimesimama mlangoni, nguo za kufua mkononi, namtazama. Aliinua uso.

"Mama, juu ya nini unaniangalia vile?"

Swali la Mama lilikuja mpaka kwenye meno yangu. Nilisikia uzito wake. Nikaweka nguo chini.

"Sogea," nikamwambia. "Nifundishe."

"Weye? Utaanguka."

"Najua. Nipe."